SACD zilizosikika kama CD: uchambuzi wa kisa cha sebule moja ya pwani

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba moja kwenye mji wa pwani ya Tanzania. Majina, mtaa na chapa za vifaa vimeondolewa, ila vipimo vimeachwa kama vilivyopimwa.

Mwenye nyumba ni mstaafu anayependa okestra na jazi. Kwa miaka mingi alikusanya diski kidogo kidogo kila alipopata mtu wa kumletea kutoka nje: SACD 28 (Super Audio CD, diski za muziki zenye sauti ya kina kuliko CD, nyingine zikiwa na tabaka la CD pia ndani yake), DVD-Audio 7 (DVD zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki), na CD za kawaida nyingi. Alizipiga kwenye deki ya kawaida ya DVD. Maana yake, SACD zake zenye tabaka la CD zilisikika kwa tabaka hilo tu, na zile zisizo nalo zilikaa kabatini zikisubiri. Hatimaye akapata deki ya mtumba kutoka Japani inayosoma aina zote. Wiki mbili baada ya kuifunga alitaka kuiuza.

Alikuwa na malalamiko matatu. SACD nyingi zilisikika vilevile kama zamani. SACD nne zilizotengenezwa Japani hazikutoa sauti hata kidogo, ingawa kioo cha deki kilihesabu dakika kama kawaida. Na kila muziki ulipopigwa kwa kama dakika arobaini, deki ilianza kukwama na kurukaruka.

Kabla ya kuingia kwenye kisa, inafaa kujua diski hizi zimebeba nini, kwa sababu makosa karibu yote yalianzia hapo. SACD ilizinduliwa na Sony na Philips mwaka 1999. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 16. SACD hutumia biti moja moja, lakini mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya kasi ya CD. Ndani yake kuna eneo la stereo na, kwenye diski nyingi ila si zote, eneo la chaneli tano au sita. SACD ya matabaka mawili ina tabaka la SACD milimita 0.6 ndani ya diski na tabaka la CD milimita 1.2. Leza nyekundu ya nanomita 650 husoma la kwanza. Leza ya CD, ya nanomita 780, hulipenya hilo la kwanza kana kwamba halipo na kusoma la pili.

DVD-Audio ilifuata mwaka 2000. Hiyo inafika biti 24 kwa 96 kHz kwa chaneli sita, au 192 kHz kwa stereo, ikiwa imebanwa kwa mfumo wa MLP usiopoteza chochote. Kwa kawaida diski yake hubeba pia sehemu ya DVD-Video yenye Dolby Digital au DTS, mifumo ya sauti iliyobanwa inayotumika kwenye filamu, ili deki yoyote ya DVD iweze kuipiga. Hisani hiyo ndiyo inayowapoteza watu: muziki unasikika, spika zote zinalia, na msikilizaji haambiwi kwamba anasikiliza nakala iliyobanwa kwa kupunguzwa.

Chumba na vifaa vilivyokuwepo

Sebule ina mita 5.2 kwa 4.1, kimo mita 2.9. Sakafu ni marumaru, kuta za tofali zilizopigwa plasta, madirisha mawili makubwa ya alumini, pangaboi katikati ya dari. Ukipiga kofi katikati ya chumba unasikia mlio mkali unaojirudia kabla ya kufa. Kochi kuu lilisukumwa hadi ukutani.

Spika mbili za mbele ni za kusimama, zenye besi za sentimita 16. Spika ya kati na mbili za nyuma ni ndogo, zenye besi za sentimita 10. Sabufa ina ampu yake ndani. Zile za nyuma zilitundikwa kwenye kona za nyuma, mita 2.4 juu, kwa ajili ya filamu.

Risiva, yaani ampu inayoendesha spika zote, ni ya 230 V, ina matundu ya waya wa mwanga, na nyuma yake kuna safu ya matundu sita ya RCA yaliyoandikwa MULTI CH IN, ya kuingizia chaneli nyingi. Tundu lake la HDMI hupitisha picha tu, halichukui sauti. Deki ya mtumba ina HDMI toleo la 1.1, ambalo laweza kutoa chaneli sita za DVD-Audio lakini si biti za SACD. Hizo ziliruhusiwa kuanzia toleo la 1.2. Nyuma ya deki nayo kuna matundu sita ya RCA ya analogi.

Kibandiko cha deki kilisomeka hivi: AC 100 V, 50/60 Hz, 27 W.

Hatua ya kwanza: waya wa mwanga

Fundi wa kwanza alifunga deki kwa waya wa mwanga, ule unaotoa nuru nyekundu nchani. Ndivyo alivyozoea kufunga deki za DVD, na kwa filamu hakuna ubaya. Mteja alipolalamika kwamba SACD za Japani ziko kimya, fundi alisema waya ni hafifu na kumuuzia mwingine wa bei kubwa zaidi. Kimya kikaendelea.

Waya ulikuwa mzima. SACD haitoki kwenye tundu la dijitali la aina hiyo, kwa sababu walioibuni waliifunga ili isinakiliwe. Zaidi ya hapo, tundu hilo lina nafasi ya chaneli mbili za PCM tu (sauti ya dijitali isiyobanwa, kama ya CD), au Dolby Digital na DTS zilizobanwa. Chaneli sita za biti 24 kwa 96 kHz ni megabiti 13.8 kwa sekunde, na haziingii humo. Kwa hiyo kila aina ya diski ilishindwa kwa namna yake. SACD za tabaka moja zilikaa kimya. Zile za matabaka mawili zilitoa sauti baada ya fundi kugeuza deki isome tabaka la CD, na hapo akaona amemaliza kazi. DVD-Audio zilitoa Dolby Digital, maana deki ilikuwa imepangwa kusoma sehemu ya video kwanza.

Mteja hakuwa na njia ya kujua. Alichoambiwa ni kwamba sasa anasikia SACD, akaamini, akalinganisha na kumbukumbu yake, na akafikia uamuzi sahihi kabisa kutokana na ushahidi aliokuwa nao: hakuna tofauti.

Hatua ya pili: umeme kwanza

Fundi wa pili hakugusa sauti siku ya kwanza. Aliuliza deki imechomekwa wapi, akaoneshwa transfoma ndogo ya 220 kwenda 110. Multimita ilionesha 238 V kwenye soketi na 119 V upande wa deki. Deki ya 100 V ilikuwa ikila karibu asilimia 19 zaidi ya stahili yake. Juu ya kifuniko, upande wa pawasaplai, mkono ulishindwa kukaa.

Watu wengi huchukulia vifaa vya Japani na vya Marekani kuwa vyote ni vya 110. Sivyo. Japani ni 100 V. Kifaa chenye pawasaplai ya kisasa inayojirekebisha chaweza kuvumilia, lakini deki hii ina transfoma ya chuma na vidhibiti vya volti ambavyo hugeuza kila volti ya ziada kuwa joto. Joto likipanda, leza hudhoofu, na ya kwanza kushindwa huwa kazi ngumu zaidi, yaani kusoma tabaka la SACD. Hapa ndipo kilipojificha chanzo cha kukwama kwa dakika arobaini. Mara mbili deki ilipofunguliwa na kufungwa ikiwa moto, iliitambua SACD ya matabaka mawili kuwa CD ya kawaida na kuendelea kuipiga bila kutoa onyo lolote.

Ikanunuliwa transfoma ya 230 kwenda 100, ya 100 VA, yenye koili mbili zilizotenganishwa. Kwa deki ya 27 W hiyo inatosha na kubaki. Kipimo kipya kilikuwa 103 V kwa 237 V za ukutani. Lenzi ilipanguswa kwa pamba yenye spiriti safi, mpanguso mmoja mwepesi bila kukandamiza. Jioni hiyo deki ilipiga saa mbili na nusu bila kukwama.

Hatua ya tatu: nyaya sita

Kwa kuwa HDMI ilikuwa nje ya hesabu, njia iliyobaki ilikuwa nyaya sita za analogi. Fundi alitumia seti mbili za kawaida za AV za mita 1.5, zile za nyekundu, nyeupe na njano. Waya wa njano umetengenezwa kwa picha, lakini hubeba sauti vizuri tu, kwa hiyo seti mbili hukupa nyaya sita kamili kwa gharama ndogo. Mbele kushoto nyeupe, mbele kulia nyekundu; seti ya pili nyuma kushoto nyeupe, nyuma kulia nyekundu. Njano moja kwa spika ya kati, njano nyingine kwa sabufa.

Hapo kwenye njano mbili ndipo alipokosea. Alizichanganya.

CD, filamu, hata habari za runinga zilikuwa sawa, kwa kuwa hizo zilipita kwenye waya wa mwanga. SACD ya kwanza ya chaneli sita ilipowekwa, mwenye nyumba alisikiliza kidogo, akainua kichwa. "Fundi, huyu mwimbaji mbona yuko ndani ya pipa?" Sauti ya mwimbaji ilikuwa imeenda kwenye sabufa, ambayo hukata kila kitu isipokuwa besi, ikabaki kunguruma. Spika ya kati ilikuwa karibu kimya. Kubadilishana plagi mbili kulichukua sekunde kumi. Baada ya hapo kila plagi ilifungwa kipande cha utepe chenye maandishi ya kalamu ya wino mzito, pande zote mbili za waya.

Njia ya uhakika ya kuthibitisha nyaya ni mlio wa majaribio wa deki yenyewe, unaozunguka spika moja baada ya nyingine. Mlio wa risiva haufai hapa. Unazaliwa ndani ya risiva, haupiti kwenye nyaya hizi sita, na utakuambia kila kitu ni sawa hata kama umechomoa zote.

Hatua ya nne: besi iliyopotea

Sasa chaneli zilikuwa mahali pake na kioo cha deki kiliandika SACD na MULTI. Bado sauti ilikuwa nyembamba. Kontrabasi iliyorekodiwa upande wa nyuma kushoto ilisikika kama mtu anakuna ubao.

Fundi alitumia jioni nzima kurekebisha risiva: umbali wa spika, ukubwa wake, krosova (mpaka ambapo besi huhamishiwa kwenye sabufa) ya 80 Hz. Hakuna kilichobadilika, na hakikuweza kubadilika. Kwenye risiva nyingi za enzi hiyo matundu ya MULTI CH IN huenda moja kwa moja kwenye kidhibiti cha sauti na ampu. Ugawaji wa besi na ucheleweshaji hufanywa kwa dijitali, na analogi hii haipiti huko. Ilikuwa jioni iliyopotea, na inafaa isemwe wazi, maana kosa hili hufanywa na mafundi wazuri kila siku. Menyu ya risiva inakubali namba unazoingiza na kuzihifadhi, bila kuzitumia.

Kazi hiyo lazima ifanywe na deki. Kwenye menyu yake kulikuwa na ukubwa wa kila spika, umbali na kiwango, lakini vyote vilikuwa vimefifia kwa SACD kwa sababu mpangilio wa kutoa SACD moja kwa moja ulikuwa umewashwa. Mpangilio huo hutoa biti za SACD bila kuzigusa. Ukiuzima, deki huzigeuza kwanza kuwa PCM, ndipo inapoweza kugawa besi.

Hapa palikuwa na uamuzi wa kweli. Wapo wanaoona kugeuza SACD kuwa PCM ni kuiharibu, na mwenye nyumba alikuwa ameambiwa hivyo na rafiki. Fundi alimpa mlinganisho mmoja tu: spika ya besi ya sentimita 10 huanza kuishiwa nguvu karibu na 90 Hz, na kontrabasi inashuka hadi 41 Hz. Kinachopotea bila ugawaji wa besi ni oktava nzima na zaidi, tena kwenye spika tatu kati ya tano. Kinachopotea kwa kugeuza, kama kipo, hakuna aliyekisikia chumbani humo. Mpangilio ukazimwa. Spika za mbele zikawekwa kubwa, ya kati na za nyuma ndogo, sabufa iwashwe, krosova 100 Hz kwa sababu deki haikuwa na nyingine. Mimi ningefanya vivyo hivyo, na nisingesita.

Kontrabasi ikawa kontrabasi.

Hatua ya tano: umbali, kimo na desibeli kumi

Kutoka kichwani mwa msikilizaji hadi spika za mbele ilikuwa mita 2.9, ya kati 2.6, nyuma kushoto 1.6 na nyuma kulia 2.3. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya nyuma kushoto ilikuwa ikitangulia zile za mbele kwa milisekunde 3.7. Namba zote ziliingizwa kwenye deki.

Namba pekee hazikutosha. Muziki wa chaneli nyingi hutengenezwa kwa kufuata pendekezo la ITU linaloweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande, na za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, zikiwa karibu na usawa wa masikio. Spika zilizo darini kwenye kona hufaa mvua na helikopta za filamu. Kwa muziki, nusu ya okestra inapanda juu ya kabati. Zilishushwa hadi mita 1.2 kwenye kuta za pembeni, fisha nne na skrubu nne. Kochi nalo lilipaswa kusogea mbele, kwa sababu kichwa kilichogusa ukuta husikia besi iliyojaa kupita kiasi. Fundi alitaka sentimita 90. Mama mwenye nyumba alikataa. "Fundi, hapo ndipo watu wanapitia kwenda mezani." Wakakubaliana 45, na kochi lenyewe likawekewa vitambaa vya sufi chini ya miguu ili liweze kuvutwa wakati wa kusikiliza na kurudishwa baadaye. Zulia la mita 2 kwa 3 likatandikwa kati ya kochi na spika za mbele, na mapazia mazito yakafungwa.

Kiwango cha kila spika kilipimwa kwa kipima sauti kwenye kimo cha masikio, kwa mlio wa deki, spika zote zikasawazishwa kwenye 75 dB.

Ikabaki sabufa. Kwenye Dolby Digital chaneli maalumu ya besi hurekodiwa ikiwa chini na kifaa kinachoifungua huiongezea 10 dB. Risiva ikifungua yenyewe, inaongeza. Deki ikifungua na kutoa kwa analogi, mara nyingi haiongezi, ikitegemea ampu ifanye. Namna ya kujua bila kubahatisha ni hii: chukua diski moja ya DVD yenye mlio wa chaneli ya besi, ipige mara moja kupitia waya wa mwanga, kisha mara ya pili kupitia nyaya sita, kipima sauti kikiwa palepale na spika nyingine zikiwa tayari zimelingana kwenye njia zote mbili. Hapa kipimo kilikuwa 82 dB, kisha 72. Menyu ya risiva ilikuwa na nyongeza ya sabufa kwa MULTI CH IN ya 0, 5, 10 na 15. Ikawekwa 10.

Hatua ya sita: kuhukumu

Mwenye nyumba sasa alifurahi, lakini swali lake la awali lilikuwa bado. Je, SACD ni bora kuliko CD, au kilichomfurahisha ni spika kuwekwa vizuri?

Jaribio lake la kwanza, alilofanya peke yake, lilimpa CD ushindi. Alikuwa akipiga tabaka la SACD, kisha la CD kwenye diski ileile. Kipima sauti kilieleza sababu: kwa kifungu kilekile cha dakika moja, eneo la stereo la SACD lilitoka chini kwa 3 dB. Hili ni la kawaida. Kiwango rejea cha SACD kimewekwa nusu ya upeo wa mfumo, yaani 6 dB chini, na kila mtengenezaji wa deki huamua mwenyewe arudishe kiasi gani. Sikio likisikia sauti iliyo juu kidogo haliiti kuwa kubwa, huiita iliyo wazi zaidi, yenye uhai zaidi. Tofauti ya 1 dB inatosha kuliharibu jaribio.

Tatizo la pili ni kwamba deki huchukua zaidi ya sekunde kumi kubadilisha tabaka, na kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo haidumu kiasi hicho. Ikaazimwa deki ya pili na nakala ya pili ya diski. Deki ya kwanza ilipiga eneo la stereo la SACD, ya pili tabaka la CD, zote kwa analogi ya chaneli mbili, risiva ikiwa kwenye hali ya moja kwa moja, sabufa imezimwa, spika za mbele pekee. Viwango vikasawazishwa kwa menyu ya risiva hadi tofauti ikabaki chini ya nusu desibeli. Pangaboi likazimwa, kwa kuwa peke yake lilipandisha kelele ya chumba kutoka 34 dB hadi 46. Binti wa mwenye nyumba alikaa nyuma ya kochi, akarusha sarafu kila mara na kuchagua deki. Msikilizaji aliandika kwenye karatasi ni deki ipi anayodhani inapigwa.

Majaribio matatu ya kwanza yalifutwa. Deki moja ilikuwa mbele ya nyingine kwa kama nusu sekunde, na mruko wa wimbo ulitaja jibu. Baada ya hapo sauti ilikatwa sekunde mbili kati ya deki na deki.

Matokeo: majibu 9 sahihi kati ya 16. Ili useme mtu anasikia tofauti, inafaa apate angalau 12 kati ya 16, kwa sababu kubahatisha tu kungemfikisha hapo karibu mara 4 katika 100. Binti alipata 7.

Kisha likafanywa jaribio lingine: stereo ya SACD dhidi ya eneo la chaneli sita la diski ileile. Hapo hapakuwa na haja ya sarafu. Kila mtu chumbani alijua ndani ya sekunde moja, na wote, pamoja na mama aliyekuwa akipita na sinia, walichagua chaneli sita kwa rekodi ya okestra. Kwa rekodi moja ya jazi iliyoweka ngoma nyuma ya msikilizaji, mwenye nyumba alichagua stereo.

Matokeo

Deki haikuuzwa. Kati ya SACD nne za Japani zilizokuwa kimya, zote zililia, lakini tatu zilitoka spika mbili tu. Mwenye nyumba alidhani nyaya zimeharibika tena. Zilikuwa SHM-SACD, aina ya tabaka moja ambayo nyingi hubeba stereo pekee, na nyuma ya kasha hapakuwa na alama ya Multi-ch. DVD-Audio zililia kwa ukamilifu baada ya mpangilio wa deki kugeuzwa usome sehemu ya sauti kwanza. Uhakikisho ulikuwa kwenye kioo: 96 kHz badala ya 48.

Transfoma ya kwanza na waya wa mwanga wa bei kubwa havikurudishiwa fedha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa hatua. Umeme ulipimwa kabla ya sauti, na bila hivyo kila jaribio lingekuwa kwenye deki inayobadilika tabia baada ya dakika arobaini. Chaneli zilithibitishwa kabla ya besi, besi kabla ya umbali, umbali kabla ya viwango. Ukigeuza mpangilio huo unajikuta unasawazisha desibeli za spika inayopokea chaneli isiyo yake.

Cha pili ni kuuliza kila mara kifaa kinasoma nini sasa hivi. Fundi wa kwanza hakuwa mzembe. Alifunga kwa namna inayofaa diski nyingine zote, akaona namba zinahesabu. Diski hizi zina njia nyingi za kushindwa kwa upole: hushuka kwenye tabaka la CD, au kwenye Dolby Digital, au kwenye stereo, na muziki haukatiki. Kioo cha deki na mgongo wa kasha vinasema ukweli, na ndivyo vya kuangaliwa kabla ya kununua waya wowote.

Kilichoshindwa ni kuiamini menyu ya risiva. Kuna njia ya kuitambua hali hiyo kwa nusu dakika: ukiwa kwenye MULTI CH IN, badilisha umbali wa spika moja hadi mita 9 na usikilize. Sauti isipoyumba, menyu hiyo haifanyi kazi kwenye njia hiyo.

Kuhusu jaribio la upofu, yaani lile la kusikiliza bila kujua deki ipi inapigwa, 9 kati ya 16 kwenye sebule moja haithibitishi lolote kuhusu SACD kwa ujumla. Lakini haiko mbali na kilichopatikana kwingine. Mwaka 2007 jarida la Audio Engineering Society lilichapisha jaribio ambamo sauti ya diski za aina hii ilipitishwa kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD, na wasikilizaji walipata 276 kati ya 554. Mwaka 2016 jarida hilohilo lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 18, wastani ukawa asilimia 52.3, juu ya kubahatisha kwa kiasi kidogo. Mimi naona thamani ya diski hizi nyumbani iko kwenye chaneli sita na uangalifu wa waliorekodi, na ndiyo maana inauma kuona zikipigwa kwa spika mbili kupitia tabaka la CD huku mwenyewe akiambiwa anasikia SACD.

Leo hii mtu anayeanza upya hana haja ya nyaya sita. Deki yenye HDMI inayotoa SACD kama biti zake au kama PCM, pamoja na risiva inayopokea sauti hiyo, huruhusu risiva igawe besi, ipange umbali na iongeze 10 dB yenyewe. Akiwa na risiva ya zamani, atafute deki yenye matundu sita ya analogi na menyu kamili ya spika. Hizo zimebaki za mtumba zaidi, kwa mfano Oppo BDP-103, ambayo mtengenezaji wake alitangaza kuacha kutengeneza deki mwaka 2018.

Ndani ya mlango wa kabati la TV kwenye nyumba hii sasa kuna karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: 100 V, SACD ya moja kwa moja imezimwa, krosova 100, sabufa +10, kochi mbele sentimita 45. Chini yake, kwa mwandiko wa binti: angalia kioo kwanza.